Uvimbe wa Mheshimiwa

Wanaosema nchi yetu haifanyi utafiti hawajawahi kufungua kitabu changu cha wageni. Waje wakifungue. Kina kurasa mia nne, jalada jekundu na utepe wa kualamishia, nami nimekitunza miaka tisa langoni mwa Taasisi ya Taifa ya Ubongo na Mishipa ya Fahamu bila hata tone la chai kukiangukia. Kila jambo kubwa lililotokea katika taasisi ile lilipita kwangu kwanza, likasaini, ndipo likaruhusiwa kutokea.

Nayaandika haya kwa sababu magazeti ya nje yamesema kwamba Waziri wetu alitibiwa uvimbe wa ubongo uliokuwa ndani ya kichwa cha mtu mwingine, kisha yakacheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Ndivyo ilivyokuwa, na utaratibu ulifuatwa toka mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza muielewe desturi yetu. Kwetu mtu mkubwa hafiki mahali. Kufika ni kazi ya watu wadogo. Mkubwa hualikwa, huupokea mwaliko kwa moyo mkunjufu, na siku yenyewe ikifika hutuma mwakilishi pamoja na udhuru. Udhuru ni mmoja tu, majukumu mengine ya kitaifa. Heshima ya mtu hupimwa kwa idadi ya mahali ambapo hayupo, na ndiyo maana Rais wetu, ambaye hajaonekana popote tangu aapishwe kwa uwakilishi, anapendwa kuliko marais wote.

Waziri wa Afya, Utafiti na Mambo Mengineyo ni Mheshimiwa Kasiani Ngulupa. Mwakilishi wake alikuwa Ndugu Zuberi Kindamba, Afisa Mwakilishi Daraja la Pili, mtu mwembamba, mpole, mwenye kichwa kidogo na sauti nzuri. Kwa miaka kumi na tisa Zuberi alikata tepe, alipanda miti, aliweka mawe ya msingi, alilia misibani na kuchekea harusini, yote kwa niaba ya Mheshimiwa. Hata siku ya kupiga ile picha rasmi inayotundikwa katika kila ofisi ya serikali, Mheshimiwa alibanwa na majukumu, akamtuma Zuberi. Picha hiyo ipo ukutani nyuma ya kiti changu. Chini imeandikwa "Mhe. K. Ngulupa (Mb)", na juu yake yupo Zuberi katika koti la kuazima, akitabasamu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Zawadi nazo zilikuwa hivyohivyo. Akipewa mbuzi, mbuzi ni wa Mheshimiwa. Akivishwa joho au kofia, vilipimwa mwilini mwa Zuberi na jioni ileile vikapelekwa kwa Mheshimiwa. Sheria ya Uwakilishi, kifungu cha saba, inasema wazi: chochote mwakilishi atakachokabidhiwa, atakachookota au atakachokutwa nacho akiwa kazini ni mali ya anayewakilishwa. Zuberi hakuwahi kurudi nyumbani na kitu, isipokuwa sambusa mbili alizozifunga kwenye karatasi ya ratiba, na akipita langoni moja alinipa mimi. Nilimpenda sana mtu yule, niseme tu.

* * *

Mtafiti wa taasisi ni Daktari Bahiya Mwinchande. Wapo watafiti wengine thelathini na wanane kwenye orodha, lakini hao anawawakilisha yeye. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitafuta dawa ya kuuyeyusha uvimbe ndani ya ubongo na kuiamsha mishipa ya fahamu iliyokufa. Alianza na panya. Panya waliopooza walisimama wakatembea. Panya mmoja aliyesahau njia ya kwenda kwenye karanga kwa sababu ya uvimbe aliikumbuka, akaifuata, akazimaliza karanga zote pamoja na zangu zilizokuwa mezani.

Wizara ikaandika kuuliza kama panya hao walijaribiwa wao wenyewe au kwa uwakilishi. Daktari akajibu kwamba katika utafiti panya humwakilisha binadamu. Barua ile ilipokewa vizuri mno. Nilisikia Katibu Mkuu alifuta machozi, akasema hatimaye tumepata mwanasayansi anayeielewa sheria. Lakini kibali cha kumtibu binadamu kilikataliwa, kwa hoja kwamba binadamu wakishawakilishwa na panya hakuna sababu ya kuwasumbua tena.

Kuhusu kitabu changu, kina safu tano: jina, anakotoka, kwa niaba ya nani, udhuru wa asiyefika, na saini. Kisanduku hakiachwi wazi. Mtangulizi wangu aliacha kimoja, mara moja tu, akahamishiwa kituo cha kupima mvua sehemu ambayo haijanyesha tangu kituo kijengwe. Mpaka leo yuko huko anapima.

Kwa hiyo mtu akija kwa ajili yake mwenyewe sikuwa na pa kumwandika. Sikumfukuza, mimi si mtu wa namna hiyo. Nje ya lango lipo benchi la zege, na lina kivuli mpaka saa nne asubuhi.

Hapo ndipo alipokaa Mwalimu Fidea Sangija, mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne. Uvimbe ulikuwa umeuua mkono wake wa kulia wote, umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alipofika mara ya kwanza nilimuuliza amekuja kwa niaba ya nani, akasema amekuja kwa niaba yake. Nikamuuliza kama ana barua ya uwakilishi. Akasema hana, aliyemtuma ni maumivu, na maumivu hayaandiki barua. Nikamwonyesha benchi.

Alikuja kila siku na chupa ya chai na daftari la mistari, akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa kwanza alikuwa kwenye "a" na "e", zimelala chali zote. Daktari Bahiya alikuwa akitoka langoni kunisihi, "Shikamoo Mzee Kitabu, muandike tu huyu mama." Nami nilimwonyesha kisanduku. Akirudi ndani alitembea akiwa amekunja ngumi, sijui kwa nini.

* * *

Mwezi wa Machi Mheshimiwa akaumwa kichwa. Kilimbana kuanzia juu ya masikio kikazunguka mpaka kisogoni, hasa siku alizovaa kofia yake ya heshima, ile ya manyoya ya mbega ambayo Zuberi alimpokelea kwenye uzinduzi wa kisima. Na kwa kuwa aliipenda sana, aliivaa kila siku. Washauri wake wakasema huo si ugonjwa wa kofia, huo ni ugonjwa wa ubongo, maana mtu wa cheo kile hawezi kuugua kitu cha nje. Akashauriwa apimwe katika taasisi yetu.

Mheshimiwa alikubali kwa moyo mkunjufu. Siku yenyewe akamtuma Zuberi.

Zuberi alikuja na barua. Wizara ina barua moja tu, inachapwa elfu tano kwa mkupuo, nafasi zikiachwa za tarehe na mahali: "Mheshimiwa Waziri angependa sana kuwa nanyi siku ya leo, lakini kutokana na majukumu mengine ya kitaifa hataweza kufika. Atawakilishwa na Ndugu Z. Kindamba." Chini kuna saini ya Mheshimiwa, nayo ni muhuri. Nikamuuliza Zuberi kama maumivu yenyewe anayo. Akasema ameanza kuyasikia kidogo tangu saa mbili, kwa kujituma.

Ndani, Daktari alimwomba asome chochote kwa sauti ili amsikilize anavyotamka. Zuberi akatoa hotuba iliyobaki mfukoni, akasoma vizuri mpaka alipofika kwenye neno maendeleo. Akasimama. Aliliona, alilijua, lakini halikutoka. Akaeleza kwa aibu kwamba neno hilo limekuwa likimponyoka tangu Januari, na sasa limeanza kuondoka na wenzake. Alidhani limechakaa kwa kutumika.

Daktari akampiga picha ya kichwa. Upande wa kushoto, jirani na pale maneno yanapokaa, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa punje ya kunde. Akamkalisha, akamshika mkono, akamweleza taratibu kwamba usipoyeyushwa, baada ya miezi miwili hatakuwa na neno hata moja, na baada ya hapo hatakuwa na mengine mengi pia.

"Ndugu Kindamba, nasikitika," alimwambia. "Uvimbe huu ni wako."

"Haiwezekani, Daktari," alijibu Zuberi. "Nipo kazini."

* * *

Na kisheria alikuwa sahihi. Idara ya Sheria ya Wizara ilikaa siku tatu, ikatoa uamuzi kwamba uvimbe ulikutwa kwa mwakilishi saa tano asubuhi, siku ya kazi, akiwa na barua halali, kwa hiyo kwa mujibu wa kifungu cha saba ni mali ya Mheshimiwa. Zuberi aliandikiwa asiupeleke hospitali nyingine, asiupunguze wala asiukuze, bali autunze katika hali nzuri mpaka mwenyewe atakapoutolea maamuzi. Taifa likatangaziwa kwamba Mheshimiwa anaugua. Kwaya zikaimba, dua zikasomwa, wanafunzi wakajipanga mistari viwanjani. Tangazo la ugonjwa alilisoma Zuberi redioni, na pale alipokwama katikati watu walidhani ni majonzi.

Daktari Bahiya alikwenda Wizarani mara nne kueleza habari ya ile miezi miwili. Mara zote alionana na mtu aliyekuwa akimwakilisha mtu mwingine. Mara ya tano hakueleza kitu. Aliomba tu kibali cha kuutibu uvimbe wa Mheshimiwa.

Kibali alichokisubiri miaka kumi na moja kilitoka kwa siku mbili. Kilisema: atibiwe mtu mmoja, naye awe Mheshimiwa Waziri, kisha mlango ufungwe mwaka mzima kusubiri matokeo. Daktari alikisoma mbele ya meza yangu. Nikamwona anacheka peke yake kwenye korido, mpaka akaegemea ukuta. Wakati ule sikuelewa anacheka nini. Baadaye ndipo ilipoingia akilini kwamba Mheshimiwa akitakiwa kutibiwa, lazima atatuma mtu, na anayetumwa siku zote ni mmoja.

Bahati mbaya Wizara nayo ilitaka kufurahi. Ikatangaza kwamba tiba hiyo itapewa jina la mtu wa kwanza kulala kwenye kitanda chake. Itaitwa Tiba ya Ngulupa, itachapwa kwenye stempu, na kitanda chenyewe kitazungushiwa kamba nyekundu kiwe kumbukumbu ya taifa. Mheshimiwa aliposikia neno stempu alisema jambo ambalo waziri wa nchi hii hajawahi kulisema. Alisema atakwenda mwenyewe.

Habari hiyo ililetwa na tarishi kwa mdomo, kwa kuwa Wizara haina barua inayosema mtu atafika.

* * *

Daktari alimpa Zuberi taarifa palepale langoni, wakiwa wamesimama. Uwakilishi wake kwa Jumatatu, siku ya tiba, umefutwa. Dawa itaingia kwa Mheshimiwa, ambaye kichwani hana kitu, namaanisha hana uvimbe, na mlango utafungwa mwaka mzima. Daktari alisema angeweza kumpitisha Zuberi dirishani, lakini askari wa Wizara walikwishaweka lakiri kwenye kabati la dawa mpaka Jumatatu. Alikuwa analia, na hakujificha.

Zuberi akaenda kukaa kwenye benchi, pembeni ya Mwalimu Fidea. Siku hiyo hakuwa amevaa koti la kazi. Mwalimu akammiminia chai kwenye mfuniko wa chupa, akamuuliza ana nini.

"Mwanangu Tausi anaolewa mwezi ujao," Zuberi alisema. "Nimesimama kwenye harusi mia mbili na kumi na mbili, Mwalimu. Zote za watu, na maneno yote ya mtu. Hii moja nilitaka niseme ya kwangu. Sasa ndiyo hayo, yanaondoka."

Mwalimu hakumpa pole. Alichana karatasi kwenye daftari, akampa na kalamu, akamwambia ayaandike anayotaka kusema kabla hayajamkimbia. Zuberi akaiweka karatasi gotini. Kalamu ikagusa, ikainuka, ikagusa tena. Kila alipoanza aliandika "Kwa niaba ya", akafuta. Mwishowe akasema hajui hotuba inaanzaje vinginevyo.

"Anza na jina lako," alisema Mwalimu.

Nilikuwa nawasikia vizuri kutoka dirishani kwangu. Nikafuta macho. Nilijaribu kusingizia pilipili, lakini asubuhi ile sikuwa nimekula sambusa wala chochote. Nilihuzunika, basi.

* * *

Jumatatu saa tatu kasorobo gari lenye mapazia lilisimama langoni. Akashuka mtu mnene mwenye kichwa kikubwa kama boga la sikukuu, na juu yake kofia ya manyoya ya mbega imebana mpaka nyusi zimepanda. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumsemea. Alionekana hajazoea. Alisimama mbele ya meza yangu akisubiri mwenyeji wa kumkaribisha aanze, na kwa kuwa mwenyeji ni mimi, nikamwomba jina.

Akasema yeye ni Waziri.

Nikageuka nikaitazama picha ukutani. Nikamtazama yeye. Nikamwomba radhi, nikamwambia Mheshimiwa namfahamu vizuri sana, nimekaa naye mgongoni miaka tisa, ni mwembamba na ana kichwa kidogo. Picha ile ina nembo ya taifa na mimi si mtu wa kubishana na nembo. Akakasirika, akasema atanihamisha. Nikamwambia hilo lawezekana, ila kwanza asaini.

"Kwa niaba ya nani?" nikamuuliza.

"Kwa niaba yangu mwenyewe."

Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wote, kwamba safu hiyo haipokei jibu la namna hiyo bila barua, na kwamba yule mama aliyeko kwenye benchi ana miezi miwili pale kwa kosa hilohilo. Mheshimiwa akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamwamkia kwa kichwa, akaendelea na daftari lake, maana alikuwa amefika kwenye "baba".

Simu ikapigwa Wizarani kwa ukali. Mheshimiwa aliagiza barua ya kumtambulisha iletwe mara moja, na Wizara, nawasifu, ilitii. Ndani ya nusu saa pikipiki ikafika na bahasha yenye mihuri mitatu. Mheshimiwa akanikabidhi bila kuifungua, kwa sababu mtu wa cheo kile husomewa. Nikaifungua, nikasafisha koo, nikaisoma kwa sauti:

"Mheshimiwa Waziri angependa sana kuwa nanyi siku ya leo, lakini kutokana na majukumu mengine ya kitaifa hataweza kufika. Atawakilishwa na Ndugu Z. Kindamba."

Nikaikunja, nikaiweka juu ya meza, nikasema, "Samahani, mzee. Hapa panasema hukuja."

Aliichukua, akaigeuza. Tarehe ilikuwa ya leo, mahali palikuwa hapa, saini ilikuwa yake. Kuikana saini ile kulikuwa na maana ya kuzikana zote, za miaka kumi na tisa, pamoja na visima, madaraja na ndoa zilizofungwa mbele yake. Jasho likamchuruzika chini ya manyoya, akanirudishia barua.

"Kama Wizara imesema hivyo," alisema, "basi sikuja."

Nikasimama. Katika miaka tisa sijawahi kusimama kwa ajili ya mgeni yeyote. Nikaita nje, "Ndugu Zuberi Kindamba, mwakilishi wa Mheshimiwa." Alikuwa kwenye benchi, kwa kuwa tangu siku ile hakuacha kuja. Alitaka kunijibu lakini neno la kujibu lilikuwa limeshaondoka, hivyo akaja tu. Nikamshikia kitabu, akasaini. Daktari Bahiya alikuwa amesimama mwanzo wa korido, glavu zimekwisha kuvaliwa. Askari wa Wizara akaisoma barua, akaikata lakiri kabatini, akapiga saluti.

* * *

Mheshimiwa hakuwa na mahali pa kwenda, kwani kirasmi alikuwa kwenye majukumu. Akakaa kwenye benchi. Saa nne kivuli kikaondoka kama kawaida yake, jua likampiga utosini.

"Vua kofia, baba," Mwalimu Fidea alimwambia, kwa sauti ile ya kuwaambia watoto wafunge kamba za viatu. "Utazimia."

Akaivua. Ilitoka kwa tabu, na paji lake la uso lilikuwa na mfereji mwekundu uliozunguka kichwa chote. Akakaa. Saa nne na nusu, wakati uleule ambao ndani Daktari alikuwa akiiingiza dawa kichwani mwa Zuberi kwa mrija mwembamba kama uzi, Mheshimiwa aliinua uso akasema maumivu yameisha. Akakishika kichwa chake pande zote. Yalikuwa yameisha kweli, baada ya miezi mitatu.

Wizara iliunda kamati, na kamati ikathibitisha kwamba taifa letu limegundua tiba ya kwanza duniani inayofanya kazi kwa uwakilishi. Mwalimu Fidea alijaribu kuwaeleza habari ya kofia, lakini ushahidi wake haukupokelewa, kwa kuwa siku ile hakuwa ameandikwa kitabuni na hivyo hakuwepo. Matokeo yakatangazwa kuwa mazuri kupita kiasi. Ule mwaka wa kusubiri ukafutwa. Tiba ya Ngulupa ikaruhusiwa kwa watu wote, na uvimbe wenyewe ukaondolewa kwenye orodha ya mali za Mheshimiwa, katikati ya mbuzi mmoja aliyekufa na joho lililoliwa na mende.

Zuberi alilala ndani wiki tatu. Maneno yalimrudia moja moja, ya nyumbani kwanza: maji, mke wangu, Tausi, chumvi, njoo. Maendeleo lilirudi la mwisho kabisa, na sikusikia kama alilifurahia.

Harusini nilialikwa, na nilikwenda mwenyewe, jambo ambalo naomba lisienee. Zuberi alisimama na ile karatasi ya daftari. Alianza, "Mimi ni Zuberi Kindamba, baba yake Tausi." Akanyamaza kidogo, nami nikaogopa. Kumbe hakuwa amekwama. Alikuwa akilisikiliza jina. Hotuba yote ilikuwa ya sentensi nne, na ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka, kwa sababu zilizobaki nilizisikiliza nikiwa nalia.

* * *

Siku taasisi ilipofunguliwa kwa watu wote, foleni ilianza langoni ikapita benchi, ikapita kibanda cha mihogo, ikakata kona. Walikuja wenye miguu iliyokufa, wenye mikono isiyoshika, wenye vichwa vilivyofungwa vitambaa. Hakuna aliyetumwa na mtu. Nikafungua ukurasa mpya, nikanoa penseli, moyo ukiwa mzito. Kibali walikuwa nacho, lakini kisanduku ni kisanduku.

Wa kwanza alikuwa Zuberi, amekuja kuangaliwa kovu. Alikuwa amekwishaacha kazi, amevaa shati lake mwenyewe, la maua. Nikamuuliza kwa niaba ya nani. Akaweka barua mezani, imeandikwa kwa mkono. Ilisema kwamba Ndugu Zuberi Kindamba anawakilishwa na Ndugu Zuberi Kindamba. Nikamwomba asaini kitabuni, nikalinganisha saini mbili. Zilifanana.

Ikabaki safu ya nne. "Udhuru wa asiyefika?"

"Hana udhuru," Zuberi alisema. "Amefika."

Nilikaa na penseli hewani. Kanuni inasema kisanduku kisiachwe wazi; haisemi kijazwe na nini. Miaka tisa nilikuwa nayo kanuni hiyo mezani, na leo ndiyo kwanza naisoma hivyo. Nikaandika "Amefika". Neno lilitosha ndani ya mistari, na nafasi ikabaki.

Nyuma yake Mwalimu Fidea alikwishainuka kutoka kwenye benchi, siku ya tisini na moja. Alifungua daftari, akachana ukurasa ulioandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa za darasa la kwanza, kila moja imesimama kwenye mstari wake: Mimi Fidea Sangija namtuma Fidea Sangija. Nikataka kumuuliza udhuru. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyechelewa kuelewa lakini sasa anakaribia. Nikaandika bila kuuliza, nikamfungulia lango, na waliobaki kwenye foleni wakaanza kuulizana nani ana kalamu.